Mwalimu, tuandike jibu la mtihani au jibu la kweli?

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, salaam.

Swali hilo hapo juu si langu. Niliulizwa na mtoto wa kidato cha kwanza katikati ya mtihani wa muhula, darasa zima likisikia. Nafundisha historia. Siku hiyo nilikuwa nasimamia chumba, napita kati ya madawati. Binti mmoja, katika wale ambao hawatoki kwenye tatu bora, akanyoosha mkono. Nikadhani anataka karatasi ya ziada. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwalimu, hili swali la nne, tuandike jibu la mtihani au jibu la kweli?"

Swali la nne lilihusu chimbuko la binadamu. Zinjanthropus, zamadamu, zana za mawe, hatua kwa hatua mpaka mtu wa leo.

Nikamwambia, "Andika ulichofundishwa." Akashukuru, akainama, akaandika. Alipata alama zote. Nilipokuwa nasahihisha niliona hata koma haijasogea: ni maneno yangu ya ubaoni, kwa Kiingereza kilekile, yamerudi kama yalivyotoka. Karatasi nilizosahihisha siwezi kuzihesabu, lakini ile imenikaa.

Kwa asiyejua ratiba za shule zetu: Jumatano nasimama mbele yao naeleza miaka milioni moja na robo tatu ya Zinjanthropus. Ijumaa ni kipindi cha dini, watoto wanagawanyika, hawa kwa ustadhi, hawa kwa mchungaji au katekista, na huko wanakutana na Adamu aliyeumbwa kwa udongo. Sina ugomvi na Ijumaa. Mimi mwenyewe ni Mlutheri, naimba besi kwenye kwaya ya usharika. Kinachonisumbua ni kwamba kwa miaka kumi na moja hakuna mtoto aliyebeba swali la Jumatano akalipeleka Ijumaa, wala la Ijumaa akaniletea Jumatano. Huyu binti ndiye wa kwanza, na nikamfunga mdomo.

Sisi wakubwa tunakesha tukibishana, Mungu yupo, Mungu hayupo, thibitisha, hapana thibitisha wewe. Watoto wameshaumaliza ubishi huo kwa njia yao: kila mwalimu apewe anachotaka. Hawajachagua sayansi, wala hawajachagua dini. Wamechagua alama.

Basi nikarudi vitabuni, na aibu ya kwanza ikawa yangu. Nilikuwa nafundisha makosa.

Fuvu la Zinjanthropus, au Zinj kwa kifupi, aliliona mtafiti Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 pale bonde la Oldupai, kaskazini mwa nchi yetu. Sisi tumezoea kuandika Olduvai, lakini hilo ni sikio la Mzungu. Kwa Kimaasai oldupai ni ule mkonge pori. Mumewe, Louis, alikuwa kambini anaumwa. Jina Zinj wakalichukua kwenye jina la kale la pwani yetu, lilelile lililomo ndani ya Zanzibar. Louis akatangaza kwamba huyu ndiye aliyechonga zile zana, tena ni babu yetu. Haikuchukua muda. Kuanzia 1960, bonde hilohilo, wakaanza kupata mifupa ya kiumbe mwingine, ubongo mkubwa zaidi, magego madogo, na 1964 wakampa jina Homo habilis, yaani mtu stadi. Zinj akavuliwa ubabu. Leo anawekwa kwenye tawi la pembeni: aliishi, alitafuna kwa yale magego yake makubwa kupindukia, akatoweka bila kuacha mjukuu.

Kwa hiyo yule mhubiri wa stendi anayepaza sauti, "Mimi si mjukuu wa Zinjanthropus!", kisayansi yuko sahihi kabisa. Mimi niliyekuwa namchora Zinj kwenye foleni inayoishia kwa mtu mwenye mkuki ndiye niliyekosea.

Aibu ya pili ni neno nyani. "Binadamu ametokana na nyani": tumelisema sote, na sijakutana na mtaalamu anayelisema. Lugha yetu si maskini hapa: tuna nyani, tumbili, ngedere, mbega, sokwe, kila mmoja na tabia zake. Nyani ni yule mwizi wa mahindi. Kule bonde la Rukwa, nchini kwetu, yalitangazwa 2013 masalia mawili ya miaka milioni 25 hivi, moja la ukoo wa sokwe, jingine la ukoo wa nyani. Maana yake wakati huo koo zilishaachana. Sisi tumo upande wa sokwe, na hata sokwe si babu, ni binamu. Tuligawana njia miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Lakini mtoto akisikia nyani anamwona yule anayefukuzwa shambani kwa manati. Akikataa undugu utamlaumu?

Halafu kuna nadharia. Kwa wanasayansi neno hili ni maelezo yaliyopimwa yakashika. Mtaani kwetu tunasema "hiyo nadharia tu, njoo kwenye vitendo", yaani porojo za darasani. Ukimwambia mtu nadharia ya mageuko, kwa Kiswahili cha stendi umeshamwambia ni porojo.

Sasa wakuu, huyo binti yuko kidato cha pili na bado namfundisha. Nataka kurudi kwake na jibu. Ningemjibu nini siku ile? Matusi tuyaache mlangoni.

#2 Mzee wa Kahawa

Nimevuta kigoda. Wajuvi njooni, kahawa ni ya moto.

#3 Hoja Kavu

Mwalimu, unazunguka mbuyu. Jibu la kweli unalo: ni lile la mtihani. Ungemwambia, "Mwanangu, hapa yote mawili ni kitu kimoja," ukaendelea kusimamia chumba. Ulichoogopa ni mzazi kuja ofisini kwa mkuu wa shule.

Dini kila ikikabwa na ushahidi husema "sisi tulimaanisha kiroho". Galileo, mwanasayansi, alipigishwa magoti mbele ya Kanisa 1633 kwa kusema dunia inazunguka jua. Kanisa limekuja kukiri 1992 kwamba lilikosea. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Na usiniambie ni mambo ya Ulaya ya zamani. Aprili 2023 hapo Shakahola, Kilifi, polisi walianza kufukua watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Miili zaidi ya 400. Mtu aliyezoeshwa tangu utotoni kwamba ushahidi ni kitu cha kuweka pembeni akienda ibadani, siku atakapoambiwa asile atauliza nini?

Mimi simwamini Mungu na sioni haya. Nalipa kodi, sijaiba, nalea wanangu.

#4 Kondoo wa Mwisho

Bwana asifiwe. Mimi ni mchungaji, kanisa letu ni la mabati na viti vya plastiki, kwa hiyo wale wa kusema wachungaji wana magari mtanisamehe.

Hoja Kavu, Shakahola usinibebeshe. Nililia kama wewe, pengine zaidi, kwa sababu waliangamizwa kwa kitabu ninachokipenda. Mtu akiua kwa kisu cha jikoni hatufungi majiko.

Ila naomba mnijibu swali moja, na si la kejeli. Miaka milioni 1.75 iliyopita nani alikuwepo? Mwalimu amesema mwenyewe: 1959 babu, 1964 si babu. Na kabla ya hapo, someni habari za yule Mjerumani, Hans Reck. Mwaka 1913 alipata mifupa ya mtu palepale Oldupai, akatangaza ni wa kale mno. Baadaye ikaonekana ni mtu kama sisi, miaka 17,000 hivi tu. Neno la Mungu halijabadilishwa toleo tangu nilipookoka. Nyie mnataka niwaachie watoto wa kanisa langu kitu kinachobadilika kila baada ya miaka mitano?

#5 Nyundo ya Miamba

Mchungaji, shikamoo. Umri wako siujui, ila heshima haiozi. Mimi nagonga mawe kwa mshahara, nimesoma jiolojia, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Nani alikuwepo? Jiwe lilikuwepo. Ngoja nieleze jinsi linavyosema, maana hapa ndipo watu huruka.

Majivu na lava vya volkano vina madini ya potasiamu. Katika kila atomi 10,000 za potasiamu, moja hivi ni ya aina isiyotulia, inayogeuka polepole, na sehemu yake inakuwa gesi iitwayo agoni. Polepole kweli: nusu yake hupungua kwa miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa uji wa moto, gesi yote inatoroka. Ikiganda, mlango umefungwa na saa imeanza sifuri. Unachofanya maabara ni kuhesabu gesi iliyonaswa na potasiamu iliyobaki. Wataalamu wa Berkeley, Marekani, walifanya hivyo 1961 kwa majivu ya Oldupai na ndiko ilikotoka ile milioni 1.75. Louis Leakey mwenyewe alikuwa amekisia kama miaka 600,000. Yaani kipimo hakikuja kumfurahisha mwenye fuvu, kilimshangaza.

Majivu hayo si hadithi. Oldupai iko chini ya nyanda za volkano za Ngorongoro. Na jirani yake, Ol Doinyo Lengai, uliwaka 2007, watu wengi humu mnakumbuka matetemeko ya mwaka ule. Ol Doinyo Lengai maana yake ni Mlima wa Mungu. Sijaongeza chumvi, ndilo jina lake kwa Kimaasai.

Sasa Reck. Mchungaji, umeieleza vizuri ila umeishia njiani. Nani aligundua kosa? Leakey alikwenda pale 1931 akakubaliana na Reck. Kisha udongo uliogandamana na ile mifupa ukapimwa, ukakutwa na chembe za tabaka za juu zaidi. Ni kaburi. Mtu alichimbiwa shimo likafika kwenye tabaka la kale, kama unavyoweza kuzikwa leo kwenye udongo wa zamani. Mwaka 1933 Reck na Leakey na wenzao wakaandika hadharani kwamba walikosea. Wewe unaijua habari hii kwa sababu waliokosea waliiandika.

#6 Kondoo wa Mwisho

Marahaba kijana. Hapo kwenye kaburi umenipata, sikuwa najua. Lakini hiyo saa, unajuaje gesi yote ilitoka? Kama ilibaki kidogo, si jiwe litaonekana zee kuliko lilivyo?

#7 Nyundo ya Miamba

Litaonekana zee, ndiyo, na imeshatokea. Ndiyo maana hawapimi jiwe moja. Majivu ya chini lazima yatoke na umri mkubwa kuliko ya juu yake, na yale ya katikati yakae katikati. Mawe yakisema uongo yatasema uongo tofauti tofauti. Pale yamepangana.

#8 Isiolo Express

Niko upande wa Kenya. Hii vita sisi tulishapigana nayo hadharani. Mwaka 2006 Makumbusho ya Taifa Nairobi yalikuwa yanakarabatiwa, na maaskofu wa makanisa ya kievanjelisti, Askofu Boniface Adoyo akiwa mbele, wakataka yule Mvulana wa Turkana, mifupa ya kale ya mtoto, asipewe nafasi ya mbele, awekwe kando. Richard Leakey, mtoto wa Mary na Louis, akawaka. Magazeti yakala vizuri mwezi mzima. Mvulana hakuondolewa, nenda utamkuta, miaka milioni moja na nusu na ushee, na mbavu zake zimepangwa.

Lakini kitu kiliniuma ule wakati: pande zote mbili walikuwa wanaongea kuhusu Leakey. Aliyempata huyo mvulana 1984 pale Nariokotome, magharibi mwa ziwa Turkana, ni Kamoya Kimeu, Mkamba, siku ya mapumziko, akitembea karibu na kambi, akaona kipande cha fuvu kidogo chenye rangi ya changarawe. Mtu alianza na kina Leakey kama kibarua wa kuchimba, akawa na jicho ambalo maprofesa walikuwa wanalitegemea. Alifariki 2022, mwaka uleule na Richard. Watoto wetu wanafundishwa mageuko kama kitu cha Wazungu, ilhali jicho lilikuwa letu. Ndio maana wanayakataa rahisi. Na ndio maana, samahani Hoja Kavu, wasiomwamini Mungu pia wanayabeba kama beji ya kizungu.

Na wewe Hoja Kavu usidhani huku ni paradiso yenu. Chama cha wasioamini kilisajiliwa 2016, miezi haijaisha usajili ukasitishwa, eti kinahatarisha amani. Sensa ya 2019 ilipouliza, zaidi ya watu 755,000 walisema hawana dini. Halafu 2021 katibu wa hicho chama akajiuzulu, amempata Yesu. Nairobi ilicheka wiki nzima.

#9 Hoja Kavu

Isiolo, angalau nyie mnahesabiwa. Sensa yetu haijamuuliza mtu dini tangu 1967. Mimi sipo kwenye karatasi yoyote ya nchi hii. Msibani napangwa kwenye dini ya babu yangu, hospitali wananiandikia wanavyoona.

#10 Bint Pangani

Assalaam alaykum. Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzako, biolojia asubuhi, madrasa ya watoto wadogo jioni. Hao watu wawili unaowasema, wa Jumatano na wa Ijumaa, kwangu wote ni mimi, na baibui ni hilohilo.

Kwanza niseme kitu ambacho Waislamu wenzangu hukiruka. Umri wa dunia kwetu si taabu, hakuna aya inayotaja ile miaka 6,000 wanayohesabu baadhi ya Wakristo. Wanyama kubadilika pia wengi hawana neno. Pagumu ni mahali pamoja: Adamu. Nimewasikia masheikh wanaosema viumbe vyote vilibadilika isipokuwa yeye, na wapo wasomi wanaosema vingine, na wengi wanaosema funga kitabu ukalale.

Pia naomba wanangu wa mtandaoni mwache kuniletea al-Jahiz kila siku, eti mtu wa Basra wa karne ya tisa alimtangulia Darwin. Nimemsoma kidogo. Aliandika mengi mazuri kuhusu wanyama, kwamba mkubwa humla mdogo na mdogo humla aliye chini yake, kwamba mazingira hubadili rangi za viumbe. Hakuandika kwamba kiumbe kimoja kilizaa aina nyingine kwa mamilioni ya miaka. Tukimvisha kanzu isiyo yake tunamdhalilisha.

Kuhusu binti yako. Mimi niliulizwa na kijana wa kiume, si kwa ufasaha kama wa huyo wako, nikamwambia: "Mwanangu, hivi viwili naviamini vyote, na mahali vinapoungana sipajui." Akanitazama. Akasema, "Kumbe mwalimu na wewe hujui?" Nikamwambia ndiyo. Akawa anakuja na maswali kila wiki mpaka nikajuta.

#11 Hoja Kavu

Dada, nakuheshimu, lakini "naviamini vyote" ni starehe. Mageuko yanasema hakukuwa na wawili tu wa kwanza. Kundi ndilo lililobadilika, maelfu ya watu, kizazi kwa kizazi. Adamu na Hawa wawili pekee ni madai kuhusu jambo lililotokea au halikutokea. Huwezi kusema hili la mwili hili la roho ukamaliza.

#12 Bint Pangani

Ndiyo maana nimesema pagumu, kaka. Sikusema nimemaliza.

#13 Mseminari Mstaafu

Salaam. Nilikaa seminari miaka sita, nikatoka, nina mke na ng'ombe wawili. Naweka mambo mawili tu kwa sababu hii hadithi ya "Kanisa na Galileo" huwa inasimuliwa kama ndiyo sura pekee.

Papa Pius XII mwaka 1950 aliandika kwamba Mkatoliki ana ruhusa kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe waliotangulia, ila roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Yohane Paulo II akasema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Mapapa hao, si wapagani. Nenda parokia yoyote ya kijijini ukawaulize waumini kama wamewahi kuyasikia hayo kwenye homilia. Mimi sijawahi, na nimehudhuria nyingi.

Jambo la pili, na hili ndilo ningempa huyo binti. Mtu aliyetangulia kutoa wazo kwamba ulimwengu unatanuka kutoka mwanzo mmoja mdogo alikuwa padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji, 1927 na 1931. Papa huyohuyo Pius akafurahi, na 1951 akatoa hotuba kana kwamba sayansi imethibitisha Mwanzo sura ya kwanza. Nani alikasirika? Lemaître. Padri mwenyewe hakutaka mahesabu yake yatumike kumthibitisha Mungu wake, na Papa hakurudia maneno yale. Kila nikisikia wahubiri wa vipindi vya usiku wakishangilia kwamba "sayansi imekubali Biblia", namkumbuka yule padri. Alijua kwamba ukiifanya sayansi shahidi wako leo, kesho akibadili ushahidi utamwita mwongo.

#14 Hoja Kavu

Hii ya Lemaître kukasirika nilikuwa siijui. Imekaa vizuri.

#15 Mzee wa Kahawa

Hoja Kavu amesifia padri. Wekeni tarehe.

#16 Shuka Nyekundu

Habari za usiku. Mimi nimetembeza wageni Oldupai misimu mingi. Sina shahada ya mawe, nina miguu.

Wazungu wakimaliza kusikiliza huniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe unaamini?" Wanataka niseme kitu cha kuandika kwenye daftari. Watanzania wenzangu, wakija, maana hawaji sana, huuliza fuvu lenyewe liko wapi. Nawaambia liko Dar, Makumbusho ya Taifa, lilirudishwa 1965. Wananuna, wanasema basi tumekuja kuangalia shimo.

Kwetu Wamaasai tunasimuliwa kwamba Enkai, yaani Mungu, alitushushia ng'ombe kutoka mbinguni kwa kamba ya ngozi. Sijawahi kumsikia mzee akisema hiyo inapigana na mifupa. Hawajaulizwa pia, nadhani. Ninachojua ni bibi yangu. Nilimpelekea picha ya zile nyayo za Laetoli, jirani na Oldupai, za miaka milioni 3.66, watu waliopita kwenye majivu yaliyolowa mvua. Zenyewe huwezi kuziona leo, zimefukiwa zisiharibike, na nyingine wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Profesa Fidelis Masao, walizipata 2015. Bibi aliishika picha karibu na moto, akaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Huyu mdogo alikuwa anajitahidi kufuatana na mkubwa." Hakuniuliza ni mtu au si mtu.

Mwalimu, watoto wako wamewahi kuona jiwe hata moja?

#17 Mwalimu wa Zamu

Shuka Nyekundu, hapo umenigonga. Hapana. Hawajaona. Hata mimi fuvu sijaliona, nimelichora ubaoni miaka kumi na moja kutoka kwenye picha ya kitabu iliyofifia.

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Leo asubuhi nilimwita yule binti baada ya kipindi. Nikamwambia nakumbuka swali lake. Yeye alikuwa amelisahau, au alijifanya. Nikamwambia nilimjibu vibaya, na kwamba nilichowafundisha kuhusu Zinj kuwa babu hakikuwa sahihi. Hapo akashtuka kuliko nilivyotegemea. "Kwa hiyo zile alama zangu, mwalimu?" Nikamwambia alama ni zake, haziondoki. Akatulia.

Kisha nikamuuliza, jibu la kweli alilotaka kuandika siku ile ni lipi. Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kwa Adamu. Akasema, "Nilitaka kuandika kwamba sijaelewa mtu alijuaje miaka yote hiyo. Lakini swali halikuuliza hivyo."

Nimekaa nalo hilo tangu saa nne asubuhi. Mimi na mchungaji na Hoja Kavu tunagombea roho ya mtoto ambaye swali lake lilikuwa lilelile la mchungaji hapo juu, nani alikuwepo, na jibu lake lilikuwa kwa Nyundo ya Miamba. Mimi ndiye nilikuwa sina. Nilimpa tarakimu bila kumpa saa.

Nyundo, uko mbali na sisi? Kuna uwezekano wa kuja na mawe yako siku moja?

#18 Nyundo ya Miamba

Nikiwa likizo nakuja. Nina kipande cha majivu yaliyoganda na lava mbili za umri tofauti. Gesi hawataiona, lakini watagusa. Sitaki posho, nataka chai na maandazi.

#19 Kondoo wa Mwisho

Mwalimu, barikiwa. Msimamo wangu juu ya Adamu ni uleule, sitawadanganya. Lakini mtoto anayeuliza "alijuaje" nisingependa azimwe, hata Ijumaa kwangu. Wiki ijayo nitawaruhusu vijana wangu waulize chochote baada ya ibada. Naogopa kidogo.

Hilo fuvu la Dar, mkipeleka watoto kuliona niambieni. Kanisa letu halina kitu, lakini nauli ya watoto wawili haitashindikana. Sharti moja: na mimi nipande hilo basi. Nina maswali.

#20 Hoja Kavu

Nalipia wanne. Sharti langu: nikae siti ya karibu na mchungaji.

#21 Bint Pangani

Jamani, mtawasumbua watoto njia nzima.

#22 Mwalimu wa Zamu

Basi ni la kukodi, siti ishirini na tisa, wanafunzi kwanza. Wakubwa watakaobaki watasimama. Naandika barua kwa mkuu wa shule kesho. Atakayejua utaratibu wa kiingilio cha vikundi vya wanafunzi pale makumbusho anitumie ujumbe pembeni.

#23 Mzee wa Kahawa

Mimi nasimama. Nibakizieni bomba la kushika.